Kama Haifanyi Kazi Garsen, Haifanyi Kazi

Wasee wa teknolojia, hii ni yenu. Nyinyi mnaounda mifumo ya hospitali mkiwa Kilimani na Westlands, faiba imeshika, kahawa iko mkononi. Nawaheshimu, bana, na wengine wenu ni mabeshte zangu. Lakini mmezoea kutuambia ati programu yenu "imefika mashinani" kwa sababu ilifunguliwa siku moja kwenye ofisi ya kaunti, mkapiga picha, mkala samaki, mkaenda kupanda ndege Malindi.

Mimi nina sheria moja tu. Programu ya hospitali ipimwe Garsen kwanza. Na isipimwe Februari wakati barabara imekauka. Ipimwe Novemba, mto ukiwa umevunja kingo.

Kwa wale mnaojua Garsen kama jina tu la njiani mkielekea Lamu, hebu niwape picha. Kaunti ya Tana River ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 38,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943. Piga hesabu: ni kama watu 8 kwa kila kilomita ya mraba. Sasa niambie, ni kampuni gani ya simu itakimbia kusimamisha mnara kwa sababu ya watu wanane? Wapokomo wako kando ya mto na mashamba yao. Waorma na Wardei wanahama na ng'ombe kufuata malisho. Kuna vijiji ambavyo ukitaka kupiga simu unajua ni mti upi wa kusimama chini yake.

Halafu kuna maji. Mvua ikinyesha Aberdare na Mlima Kenya, sisi ndio tunaoipokea huku chini, hata kama kwetu halijadondoka tone. Mwisho wa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na mafuriko. Aprili 2024, kule Kona Punda karibu na Madogo, boti iliyobeba watu ilizama. Walipanda boti kwa sababu barabara ilikuwa imegeuka mto. Watu walikufa. Siku kama hizo ndizo mama mjamzito anahitaji kituo cha karibu zaidi, kwa sababu Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, ni kama iko ng'ambo ya bahari. Na siku kama hizo ndizo stima na mtandao huwa wa kwanza kutoweka.

Sasa tuletee huo mfumo wako.

Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF ilipopisha SHA, mgonjwa amekuwa akithibitishwa kidijitali: kwa namba iliyotumwa kwa simu, au kwa alama za vidole. Wiki za mwanzo mfumo ukawa unalala, na sote tuliona kwenye habari wagonjwa wamekwama hospitalini, wamekunja mikono, wanangoja kompyuta ikubali. Hizo zilikuwa hospitali za mijini, zenye jenereta.

Fikiria zahanati ya kijiji huku Delta. Anaingia mkulima ambaye jembe limemla vidole kwa miaka thelathini. Mashine inatafuta alama, haioni kitu. Anaingia mama, simu ya nyumbani ni moja, na iko na mzee malishoni. Namba ya kumthibitisha inaenda kulia mfukoni kwa mtu aliye katikati ya ng'ombe, siku mbili kutoka hapo. Sista anamjua huyu mama kwa jina, huenda hata ndiye alimzalisha mtoto wa kwanza. Lakini skrini haimjui, na skrini ndiyo inayolipa.

Na kituo kisipolipwa, dawa zinaisha. Dawa zikiisha, anayefuata anaambiwa akanunue. Hakuna mtu aliyesema "usitibiwe". Katiba yenyewe, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakuna aliyevunja sheria waziwazi. Mfumo umefanya hiyo kazi kimyakimya.

Najua jibu lenu: "Bila uthibitisho watu wataiba." Sawa, wizi upo. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kibao kwa sababu ya madai ya uongo. Lakini hebu jiulize, hayo madai ya wagonjwa hewa yalifikaje? Yalipitia mfumo huohuo wa kidijitali. Mwizi ana mtandao mzuri, ana kompyuta na ana mtu wa kumwingizia data. Kwa hivyo mlango mmeufunga upande wa nani? Kagueni madai, linganisheni rekodi, fuateni pesa, washtakini wenye hospitali. Hiyo kazi inaweza kufanywa kesho yake, ofisini. Uchungu wa kuzaa haungoji kesho.

Jibu la pili: "Haiwezekani kufanya kazi bila mtandao." Hapa ndipo mnanikasirisha kabisa, kwa sababu tayari inafanyika, na inafanyika hapa hapa Kenya. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, mikoba ya vifaa na simu. Programu iliyo ndani ya hizo simu ilijengwa kwa njia ambayo mhudumu anaandika habari za mgonjwa hata kama hakuna neti. Data inakaa ndani ya simu, akifika penye mtandao inajituma yenyewe. Yaani mama anayetembea kwa miguu kijijini amepewa programu inayojua mazingira yake, halafu kituo anachompeleka mgonjwa kinategemea mfumo wa malipo usioweza kumthibitisha mtu bila mtandao? Huo ni uamuzi wa mtu fulani. Msiusingizie ufundi.

Na msituambie vitu vizuri lazima vitoke nje. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo leo inatumika nchi nyingi, ilianza 2004 kutokana na kazi ya kliniki za HIV kule Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kile cha Indiana, Marekani. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuurekebisha na kuutumia bila kuomba ruhusa. Ilikua kliniki ikiwa imejaa watu mbele yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale walilala kwenye hicho kitanda.

Linganisha na tulikofika. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilisema mfumo wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Wizara ikajitetea. Mimi nauliza tu swali la mtoto: kitu kikiharibika na si chako, nani anakitengeneza, na kwa bei ya nani?

Hii sinema tumeshaiona. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha mashine za kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti zote, mradi wa mabilioni. Seneti ilipokuja kuchunguza, ikakuta kuna mashine zimekaa tu: pengine hakuna stima ya kutosha, pengine hakuna maji, pengine hakuna mtaalamu wa kuziendesha. Pesa ziliendelea kulipwa. Tofauti ya sasa ni kwamba mashine iliyolala inaonekana, ina vumbi. Programu iliyolala haionekani. Kwenye dashibodi ya Nairobi Garsen inatokea kama sifuri, na kuna mtu ataisoma hiyo sifuri aseme huku hatuugui.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na ni rahisi.

Kwanza, matibabu yatangulie uthibitisho, na hilo liandikwe ndani ya programu yenyewe. Sista akibonyeza "tibu sasa", mfumo umtii, kituo kilipwe, maswali yaulizwe baadaye.

Pili, mfumo wowote unaolipwa kwa pesa za umma ufanye kazi siku saba mfululizo bila mtandao. Nimesema saba kwa sababu mafuriko yetu hayamalizi kwa saa mbili. Usipoweza, usilipwe.

Tatu, kitabu cha rejista kisitupwe. Karatasi haihitaji chaji. Iwe sehemu ya mpango, na kuwe na mtu anayelipwa kuiingiza baadaye, si sista aliyekesha wodini.

Nne, ajirini vijana wa hapa kutunza hivi vitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikatika. Nina marafiki hapa Garsen wanaofufua simu zilizoanguka mtoni kwa bisibisi na mchele. Rauta ikiungua kwenye kituo cha afya, kwa nini tungoje fundi kutoka Nairobi wiki tatu, na marupurupu ya safari juu? Wafundisheni hawa, wapeni mkataba.

Sipingi teknolojia. Mimi naishi kwa bando. Nataka mama wa Ngao akipewa rufaa usiku, rekodi yake ifike Malindi kabla yake. Nataka mtoto wa mfugaji ajulikane chanjo zake hata kama familia imehama mara tatu. Hiyo ndiyo raha ya haya mambo, na inawezekana. Lakini lazima yaanzie hapa, penye shida, kisha ndiyo yapande kwenda Westlands. Ikiweza Garsen wakati wa mafuriko, itaweza popote.

Kwa hivyo wewe unayeandika hiyo programu sasa hivi, njoo Novemba. Beba viatu vya mvua. Bando acha nyumbani.