Nafuu ya Kodi Haihesabu Midomo Nyumbani

Wewe uliyeajiriwa, chukua hati yako ya mshahara uitazame vizuri. Kando ya PAYE kuna mstari wa nafuu ya kibinafsi: shilingi 2,400 kwa mwezi. Wengi wetu twaupita tu. Lakini hapo ndipo serikali inakwambia, "Hizi tumekusamehe." Je, walizifikiaje?

Kiwango hicho kiliwekwa Aprili 2020, wakati wa korona, kikipandishwa kutoka 1,408. Hesabu yake si ngumu. Shilingi 24,000 za kwanza za mapato yako ya mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Nafuu inafuta hiyo yote. Zinazofuata, 8,333, hutozwa asilimia 25, kisha asilimia 30 hadi ufike laki tano. Mwaka 2025 nafuu ilikuwa palepale kwa 2,400. Unga, nauli na kodi ya nyumba havikuisubiri.

Sasa sikiza jambo ambalo halisemwi sana. Sheria yetu inahesabu mtu, haihesabu nyumba. Haiulizi una watoto wangapi wala kama mamako mzee anakutegemea.

Tufanye mfano. Nyumba ya kwanza, mume na mke wote wameajiriwa, kila mmoja ana mapato ya 24,000 baada ya makato. PAYE yao ni sufuri. Nyumba ya pili, mmoja tu ndiye aliyeajiriwa, ana 48,000, na nyuma yake kuna mke, watoto wanne na mama mzazi. Huyu atalipa kama 6,783 kila mwezi. Pesa zinazoingia ni zile zile, ila nyumba yenye midomo mingi ndiyo inayokatwa. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya 81,000. Hiyo ni karo, jamani.

Na mama anayeuza viazi karai je? Nafuu hii hupunguza kodi ya mapato pekee. Kama kodi hiyo huna, hurudishiwi chochote. Lakini akinunua sabuni au kuweka salio kwenye simu, VAT ya asilimia 16 analipa kama tajiri.

Ziko nafuu nyingine, na ni haki yako uzidai. Bima ya maisha, afya au elimu hukupa nafuu ya asilimia 15 ya unacholipa, isizidi 5,000 kwa mwezi. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha KRA hatozwi kodi kwa 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwanza kabla ya PAYE kupigwa.

Kwa hivyo fanya haya. Mpe mwajiri karatasi zako za bima. Dai fomu yako ya P9 na ulinganishe na ulichokatwa. Wasilisha ritani kabla ya Juni 30. Kama ulikatwa zaidi, omba kurudishiwa kupitia iTax; una miaka mitano tangu ulipe.

Lakini hizo ni dawa za mtu mmoja mmoja. Kiwango chenyewe hubadilishwa Bungeni. Kila mwaka Mswada wa Fedha huletwa na wananchi huitwa kutoa maoni. Ibara ya 201 ya Katiba inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Basi tuandike, twende, tumuulize Mbunge wetu mambo mawili: kwa nini nafuu isipande pamoja na bei ya vitu, na kwa nini mtoto asihesabiwe?

Mswada ukishapita, kulalamika ni kazi bure. Tuseme mapema.