Msimwambie Bibi "Kaa Tu"

Jumuiya zetu zinapokwenda kuwatembelea wazee katika makao yao hubeba sabuni, sukari na kanga. Ni jambo jema. Lakini sisi wauguzi tunaona kasoro moja. Bibi akijaribu kuinuka awasalimu wageni, sauti tano humwambia, "Kaa, bibi, usijisumbue!" Chai huletewa pale pale. Hata sisi wahudumu, tukiwa na haraka, humsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi bafuni ingawa miguu yake ingemfikisha.

Huruma hiyo ndiyo inayomwangusha. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza wazee wenye afya njema siku 10 tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Sasa fikirini bibi aliyekalishwa miezi sita! Akiamka usiku kwenda chooni, goti linakataa, anaanguka. Tunampokea wodini amevunjika nyonga, na wengi wa hao hawatembei tena kama zamani.

Zoezi tunalolipenda halina gharama. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani. Bibi avae viatu vinavyoshika kisigino, si ndala. Akanyage kwa nyayo zote, ainame mbele kidogo, ainuke, kisha aketi polepole. Kule kuketi polepole ndiko kunakojenga mapaja, kwa hiyo asijitupe. Afanye mara 5, apumzike, arudie. Akizoea, ashike meza imara na kuinua visigino. Mtu awe karibu naye daima. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na mwuguzi aitwe. Mwenye kiharusi au aliyewahi kuvunjika, tuulizeni kwanza.

Dawa za presha nazo huleta kizunguzungu. Asubuhi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki. Mazoezi yakikoma, faida nayo huisha. Wahudumu wachache hawawezi kumfikia kila mzee, na hapo ndipo tunapowahitaji ninyi. Mkija Jumapili, sukari leteni, lakini mpeni bibi mkono, mtembee naye hadi mwembeni na kurudi. Msimharakishe.