Zabibu, Mvinyo na Siri ya Ekari Moja

Mwezi uliopita niliwaahidi kuwatafutia pa kwenda wikiendi na mwenzi wako, pasiwe ufukweni wala baa ile ile ya kila Ijumaa. Ahadi nimetimiza. Nilikwenda Dodoma kuonja mvinyo, mimi na mume wangu, kusherehekea miaka minne ya ndoa. Nimerudi na chupa tatu na ugomvi mmoja, na vyote nitawasimulia.

Safari yenyewe siku hizi haichoshi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unapanda Dar asubuhi, unapiga soga, unasinzia kidogo, umefika. Gari liacheni nyumbani, maana huko mnakwenda kuonja. Hakuna haja ya kubishana nani ataendesha.

Wengi wetu tunaijua Dodoma kwa Bunge na vumbi. Kumbe mizabibu ipo huko tangu enzi za wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana. Ardhi ni kame, jua ni kali, na mzabibu ukipunguzwa matawi unachipua na kuzaa upya. Ndiyo maana wenzetu wanavuna mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ufaransa, pamoja na majina yao yote makubwa, wanavuna mara moja tu.

Kituo cha kwanza kilikuwa kiwanda kidogo upande wa Hombolo. Usitegemee vitambaa vyeupe mezani. Tulikuta matangi, mapipa, harufu ya chachu, na kijana mmoja mchangamfu aliyetupangia glasi kwenye meza ya mbao. Akatuonjesha mweupe wa Chenin Blanc, kisha mwekundu wa zabibu ya Makutupora. Nilidhani mwekundu unatiwa rangi, jamani! Akacheka, akatueleza kwamba rangi inatoka kwenye maganda. Mwekundu unachachuka pamoja na maganda yake, mweupe unakamuliwa maganda yakatolewa mapema. Ule ukakasi unaokukausha ulimi nao unatoka kwenye maganda na mbegu.

Mie niliyezoea dompo na utamu wake, mvinyo usio na sukari ulinikunja uso. Nikautema kabla haujafika popote. Yule kijana akaniambia, "Dada, kutema ruksa, lakini uonje kwanza. Uzungushe mdomoni, usikilize, ndiyo uamue." Tukacheka. Sikujua kwamba maneno hayo yatanirudia kabla jua halijazama.

Tulipotoka, mume wangu akamwambia dereva wa teksi atupitishe kwenye shamba moja, "tukaone zabibu zenyewe." Tukapokewa na mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni sana." Kisha akamgeukia mume wangu huku akitabasamu. "Baba, ekari yako ni ile pale, mwisho wa waya. Huyu ndiye mama mwenye nyumba?"

Nilihisi miguu inalegea. Ekari gani? Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Wapenzi wasomaji, nilimeza. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Badala yake nikaanza kumuuliza yule mama maswali. Mavuno ya kwanza lini? Karibu mwaka wa pili, ukitunza vizuri. Gharama? Nguzo, waya, mbolea, dawa, maji, vibarua, na mlinzi zabibu zikianza kuiva. Na nani ananunua? Hapo akanyamaza kidogo. "Zabibu ikiiva haikusubiri, mwanangu. Mnunuzi akichelewa, unauza kwa bei anayotaka yeye, au unaziangalia zinaoza. Imeshanikuta."

Nikamtazama mume wangu. Swali hilo la mnunuzi hakuwahi kuliuliza.

Usiku, barazani kwenye nyumba ya wageni, chupa ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa. Akasema alitoa malipo ya awali miezi miwili iliyopita, kutoka kwenye akiba yetu ya kujenga. "Nilitaka iwe sapraizi ya siku yetu."

"Sapraizi ni maua," nikamjibu. "Ile ni nyumba yetu."

Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuuliza ungekataa. Kuku ulikataa. Bodaboda ulikataa. Hata hujawahi kuniacha nimalize kueleza."

Nilitaka kubisha, nikakosa la kubisha. Ni kweli. Kila wazo lake nimelitema kabla sijalionja. Hilo halihalalishi kuchota akiba kimyakimya, na nilimwambia hivyo wazi. Alikosea, na ameomba radhi. Lakini mlango wa siri ile mimi nilisaidia kuufungua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asubuhi tukanunua daftari dukani. Tumeandika kila gharama, na tumekubaliana hakuna shilingi nyingine itakayotoka mpaka tupate mnunuzi mwenye mkataba wa maandishi. Asipopatikana, huenda malipo yale ya awali yakaenda na maji. Inauma bado, siwadanganyi. Ila Agosti tunarudi wote wawili kuona mavuno na kuuliza maswali pamoja.

Nawe ukitaka kwenda, piga simu kiwandani kabla, kwani vingi havina ratiba ya wageni. Chukua kofia na maji, kuleni kwanza, na anzeni na mweupe kabla ya mwekundu. Nunueni angalau chupa moja pale pale mlipoonjeshwa, ndiyo adabu.

Halafu usiku huo, kabla ya kufungua chupa, muulize mwenzio swali hili moja: kuna wazo gani umeogopa kuniambia? Kisha funga mdomo, umsikilize mpaka amalize.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.