Debe Tupu au Ngoma? Kauli Kuhusu Nyimbo za Kuchekesha za Duwopu

Mhakiki anayeupima wimbo kwa kamusi pekee hujinyima mengi. Ushahidi wangu ni nyimbo za kuchekesha za duwopu, mtindo uliovuma Marekani katika miaka ya 1950, muziki wa roki ulipokuwa mchanga. Waimbaji wake, wengi wao vijana Weusi wa mijini, walikutana kwenye pembe za mitaa bila ala. Sauti nzito iliigiza besi, nyingine zikaitikia, na silabi zisizopatikana katika kamusi yoyote zikashika nafasi ya bendi.

Wapo wanaozibeza nyimbo hizi wakisema debe tupu haliachi kuvuma. Hata hivyo, debe likipigwa kwa mpango huwa ngoma. Tuutazame "Get a Job", wimbo wa kundi la Silhouettes kutoka Philadelphia, ulioongoza chati za Marekani mwaka wa 1958. Msikilizaji huchekeshwa na viitikio, kumbe nafsineni ni mtu asiye na kazi: hulipekua gazeti asipate nafasi, na nyumbani husimangwa. Mzaha umebeba uchungu.

Mwaka uo huo, kundi la Coasters lilifika kileleni kwa "Yakety Yak", utunzi wa Jerry Leiber na Mike Stoller. Mzazi anaamrisha, kijana ananung'unika, nayo saksafoni ya King Curtis inadakia kwa kejeli. Jina lenyewe ni tanakali ya maneno yasiyokoma. Kwa silabi chache tu, mgogoro wa vizazi umekwisha kuchorwa.

Mfano wa tatu ndio unaonishawishi zaidi. Mwaka wa 1961 kundi la Marcels la Pittsburgh liliuchukua "Blue Moon", wimbo wa mahaba wa Rodgers na Hart wa mwaka wa 1934, likautangulizia mvua ya silabi za besi. Maneno ya mahaba yalisalia, lakini unyonge wa mpenzi mpweke ukageuka shangwe. Ikiwa silabi hizo hazina maana, ni nini basi kilichoubadilisha wimbo?

Sidai kwamba kila kibwagizo ni hazina, waigaji hawakukosekana. Ninachodai ni kwamba sauti nayo ni hoja. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa tanakali za sauti na vibwagizo, kisha tukaviorodhesha katika mtihani kama mapambo ya fani na kukimbilia maudhui. Tuanze kuuliza vinatenda nini. Huenda maudhui tunayoyakimbilia yamo humo humo.