Daftari la Sindano: Siri kwa Walanguzi, Si kwa Daktari

Imezuka tabia miongoni mwa watu wanaojidunga sindano nyumbani, na wanaomeza virutubisho, ya kuandika kila kipimo katika simu zao za mkononi. Tabia hiyo ni njema. Mwalimu mwenye kisukari hana budi kukumbuka amejidunga insulini kiasi gani, saa ngapi na sehemu gani ya mwili. Kwani kudunga mahali pale pale kila siku hufanya uvimbe chini ya ngozi, na dawa ikashindwa kuingia mwilini sawasawa.

Lakini yapo makosa mawili yanayostahili kupigwa vita.

Kosa la kwanza ni kuikabidhi siri hiyo kwa programu za wafanyabiashara bila kuuliza inakwenda wapi. Mwaka 2023, nchini Marekani, kampuni ya GoodRx ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya kushitakiwa na Serikali kwamba iliwapelekea Facebook na Google habari za afya za wateja wake. Maradhi ya mtu yamegeuzwa bidhaa ya sokoni! Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haitamfaa sana mtu abonyezaye "nakubali" kabla ya kusoma.

Kosa la pili, nalo ni baya zaidi, ni kumficha daktari. Wapo wanaodai kuwa virutubisho si dawa, hivyo havina haja ya kutajwa. Huo ni upotoshaji. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, yaweza kupotosha vipimo vya damu, kikiwamo cha kutambua mshtuko wa moyo. Mgonjwa mmoja aliripotiwa kufa baada ya kipimo cha namna hiyo kutoa jibu la uongo.

Mwaka 2024 Mamlaka hiyo ilionya tena juu ya wagonjwa waliojidunga semaglutidi mara 5 hadi 20 ya kiasi walichokusudiwa, kwa kuchanganya miligramu, mililita na yuniti za bomba la sindano. Aandikaye "kumi" bila kutaja kumi ya nini hajaandika kitu.

Basi na yaandikwe yote: jina la dawa, kiasi na kipimo chake, tarehe, saa na mahali pa mwili. Simu ifungwe kwa namba ya siri dhidi ya walanguzi, ifunguliwe mbele ya daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.