Kebo Moja ya USB-C na Maandalizi ya Mwalimu

Wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha hutuuliza mara kwa mara kama yatosha kuchukua kebo moja tu ya USB-C ili kuunganisha kompyuta mpakato na skrini. Jibu letu ni kwamba yaweza kutosha, tena kwa wepesi kuliko njia nyingi tulizozizoea. Hata hivyo, hapana budi mwalimu ajue ni kebo ipi na ni tundu lipi, nayo maarifa hayo hayapatikani kwa kutazama umbo la nje.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba jambo hili ni la fundi, wala si la mwalimu wa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Uchindile, huko juu ambako reli ya TAZARA imekwisha kuiacha Mlimba na kuanza kupanda kuelekea Makambako, hawezi kumwita fundi katikati ya kipindi cha dakika 40. Kile alichosahau kukihakikisha alipokuwa Ifakara, huenda akakikosa kwa muda wote wa mazoezi. Nao watoto hawamlaumu fundi. Wanamtazama mwalimu wao anavyochomoa na kuchomeka, kisha wanaanza kuzungumza, na kipindi kinakwisha pasipo somo.

Basi yafaa tueleze kinachotendeka ndani ya waya huo. Umbo la USB-C lilitolewa mwaka 2014. Lina pini 24, na huingia kwa upande wowote, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa mtu mwenye haraka. Kebo kamili ya namna hii hubeba kazi tatu kwa pamoja: picha kutoka kwenye kompyuta, umeme, na taarifa za vifaa vingine kama kipanya au kibodi vilivyochomekwa kwenye skrini. Zipo skrini ambazo huilisha kompyuta umeme kupitia kebo hiyo hiyo, hata mwalimu asihitaji kuchomeka chaja yake. Mahali penye soketi moja ya umeme, manufaa ya jambo hilo hayahitaji maelezo. Kwa upande mwingine, zipo skrini ndogo za kubeba mkononi ambazo hufanya kinyume chake, yaani hunywa umeme wa kompyuta. Mwenye skrini ya aina hiyo na asianze kipindi betri ikiwa nusu.

Tatizo ni kwamba si kila kebo yenye umbo hilo ni kamili. Kebo inayouzwa pamoja na chaja ya simu mara nyingi ina nyaya za umeme na jozi moja tu ya nyaya za taarifa, ambayo mwendo wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Hebu mwanachuo apige hesabu. Skrini ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani vitone zaidi ya milioni mbili. Kila kitone huelezwa kwa biti 24, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha, nawe utapata karibu gigabiti tatu kwa sekunde, yaani zaidi ya mara sita ya uwezo wa jozi ile. Tena jozi hiyo haikupewa kabisa kazi ya picha. Picha hupita katika nyaya nyingine za mwendo wa kasi, ambazo katika kebo ya simu hazimo. Kwa hiyo kebo mbili zaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, moja ikaleta picha na nyingine ikaleta giza.

Na hata kebo ikiwa kamili, tundu la kompyuta laweza kuwa halitoi picha. Yapo matundu yaliyowekwa kwa ajili ya kupokea umeme tu, na mengine kwa umeme na taarifa. Tundu lenye alama ya radi hutoa picha. Vivyo hivyo lile lenye alama ya herufi D na P zilizounganishwa. Lakini watengenezaji wengine hawaweki alama yoyote, hivyo kukosekana kwa alama si ushahidi kwamba uwezo haupo. Simu nyingi za bei nafuu nazo zina tundu la USB-C lisilotoa picha hata kidogo. Kiungo kidogo cha kugeuza USB-C kuwa HDMI, ambacho wanachuo hukinunua wakidhani ni dawa ya yote, kwa kawaida nacho hutegemea uwezo huo huo wa tundu. Tundu lisipotoa picha, kiungo hicho hakitaizua.

Bonde letu lina mfano unaofaa. Huko Kidatu hukutana reli mbili: ile ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, na tawi la reli ya zamani linalotoka Kilosa, lenye upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, ambazo jicho la msafiri halizioni kwa urahisi, lakini behewa la kawaida haliwezi kutoka reli moja likaingia nyingine. Kwa kuwa tofauti hiyo inapimika na kujulikana, pamewekwa kituo cha kuhamishia mizigo. USB-C ina hila zaidi, maana hapa behewa linaingia relini bila taabu, mlango unafungwa, na safari haianzi.

Yapo matumaini kwamba mambo yatalainika. Jumuiya ya Ulaya imelazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024. Lakini sheria ile inahusu kuchaji. Haisemi kwamba kila tundu litoe picha, wala haitamsaidia mwalimu aliyeshika kebo asiyoijua.

Sasa tuje kwenye ufundishaji wetu wenyewe vyuoni, maana hapa ndipo penye ugomvi wetu. Desturi iliyopo ni kuandika hatua ubaoni, mwanachuo akazinakili: chomeka huku, chomeka kule, washa. Hatua hizo ni sahihi siku ambayo kila kitu ni sahihi. Siku nyingine humwacha mwanachuo mikono mitupu. Sisi tunapendekeza afundishwe kujaribu, kwa kanuni ile ile anayoifundisha katika somo la Sayansi, ya kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Picha isipotokea, kwanza aangalie kama skrini imechaguliwa kupokea kutoka USB-C na si HDMI. Kisha, kama kompyuta inatumia Windows, abonyeze pamoja kitufe cha dirisha na herufi P, achague kunakili. Halafu abadili kebo, na vingine vyote vibaki vilivyo. Mwisho abadili tundu. Anayebadili vyote kwa mkupuo mmoja huenda akapata picha, lakini hatajua kilichoileta, na kesho yake atarudi pale pale. Majaribio haya yafanyike siku moja kabla, katika chumba cha walimu, wala si mbele ya watoto.

Lipo pia neno ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na urefu wa sentimita 30. Katika darasa la watoto themanini, aliyeketi nyuma ataona mwanga tu. Mwalimu akitaka kuonyesha picha ya daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018 na lenye urefu wa mita 384, ambalo pengine watoto wa milimani hawajapata kuliona, awagawe katika makundi. Kundi moja la watoto kumi au kumi na wawili lisogee karibu na skrini, mengine yafanye zoezi la kupima na kuchora ambalo halihitaji umeme wowote. Zoezi hilo liandikwe katika andalio la somo tangu mwanzo, si kama kiraka cha dharura, ili umeme ukikatika makundi yote yaendelee nalo.

Kebo ikishathibitika, mwanachuo aifunge uzi mwekundu na kuiweka pamoja na shajara yake ya mazoezi. Asimwazime mtu kwa ajili ya kuchaji simu, kwa sababu itakayorudishwa yaweza kuwa nyingine.