Mjeledi Tunauona, Mtu Je?

Kila ikitoka sinema mpya kuhusu utumwa wa Marekani, ugomvi ni ule ule. Hawa wanasema damu imezidi. Wale wanasema imepungua, kwamba mwongozaji katupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Halafu watu wanaanza kuhesabu viboko. Ilikuwa hivyo kwa Mandingo mwaka 1975, ikawa hivyo kwa Django Unchained mwaka 2012, na ikawa hivyo tena kwa 12 Years a Slave mwaka uliofuata. Jamani, ugomvi huu umenichosha. Nadhani tunapima kitu kikubwa kwa kipimo cha ndoo.

Sisemi kwamba sinema isiyo na damu ndiyo bora. La hasha! Zilizofanya madhara makubwa kuliko zote ndizo zilizoonyesha watumwa wanacheka na kucheza ngoma. The Birth of a Nation ya D. W. Griffith (1915) iliwafanya Ku Klux Klan kuwa mashujaa, na mwaka huo huo kundi hilo, lililokuwa limeshakufa, likafufuliwa huko Georgia. Gone with the Wind (1939) ilimpa Hattie McDaniel tuzo ya Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza yaya mtiifu kwenye nyumba ya bwana. Usiku wa tuzo, mwaka 1940, mama wa watu akakalishwa meza ya peke yake, mbali na wenzake wazungu aliocheza nao. Kwa hiyo damu inahitajika. Ninachouliza mimi ni kitu kingine: huyo anayevuja damu, tunamjua?

Hebu tuichukue sinema iliyojigamba kuonyesha kila kitu. Mwaka 1971 Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa Goodbye Uncle Tom. Ujanja wao ulikuwa kujifanya waandishi wa habari wa zama zetu waliorudi nyuma karne moja na ushee, wanatua shambani kwa helikopta na kuanza kuhoji mabwana. Halafu wanakupeleka melini, sokoni, kwa daktari, kwenye shamba la kuzalisha watumwa kama ng'ombe. Hakuna kinachofichwa. Mengi ya mambo hayo kweli yalitendeka, yapo kwenye kumbukumbu.

Hawa jamaa si wageni kwetu, ndugu msomaji. Ndio hao hao waliotengeneza Africa Addio (1966), ile sinema yenye picha za Zanzibar zilizopigwa kutoka kwenye ndege Januari 1964, maiti zimelala chini na watu wanakimbilia baharini. Kwa sinema hiyo hiyo Jacopetti alituhumiwa Italia kwamba mauaji fulani kule Kongo yalipangwa ili kamera iyapate. Mashtaka yakatupwa. Lakini sifa ya ubaguzi ikawaganda, na Goodbye Uncle Tom ilikuwa jibu lao: eti tazameni, sisi tunapinga ubaguzi.

Sasa waliipigia wapi picha zake? Sehemu kubwa Haiti. Rais alikuwa François Duvalier, Papa Doc, dikteta ambaye hata jina lake watu walilitamka kwa kunong'ona. Akawapa ruhusa ya kupiga picha popote na watu wa kadiri waliyotaka. Basi wakapanga Wahaiti maskini mistari kwa mistari, wengine uchi wa mnyama, wazee kwa watoto, wakawarundika kwenye matumbo ya meli na kwenye vizimba. Haiti! Nchi iliyozaliwa na watumwa wenyewe walioasi, wakawashinda Wafaransa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Ili kuonyesha jinsi ubinadamu ulivyokuwa ukiuzwa kwa jumla, waungwana wale walikwenda kwa mtu mwenye uwezo wa kuwapa binadamu kwa jumla.

Mhakiki Roger Ebert aliiponda vibaya sana ilipofika Marekani, na hilo ndilo lililomuudhi: namna watu wale walivyotumiwa. Mimi naongeza moja dogo. Ukimaliza kuitazama, hutoki na jina la mtumwa hata mmoja kichwani. Umeona mamia ya miili. Hujakutana na mtu.

Mandingo nitaipita haraka, maana haina ujanja mwingi. Ken Norton, yule bondia aliyemshinda Muhammad Ali mwaka 1973, anaigiza mtumwa wa kupiganishwa na kuzalisha. Wahakiki waliitukana, watazamaji wakajazana, na wengi wao (tuseme ukweli) walifuata mambo ya chumbani. Kuna kitu kimoja tu mle ninachokiheshimu: mzee mwenye shamba anaambiwa kwamba ugonjwa wake wa baridi yabisi utahamia kwa mtoto mweusi akimkanyaga, basi anakaa sebuleni anazungumza na wageni, miguu juu ya tumbo la mtoto kama juu ya kigoda. Hakuna anayepiga kelele. Mazungumzo yanaendelea. Kwangu picha hiyo inatisha kuliko sufuria la maji ya moto la mwisho wa sinema.

Roots ya 1977 ni ya televisheni, usiku nane mfululizo, na usiku wa mwisho inakadiriwa Wamarekani wapatao milioni 100 walikuwa mbele ya runinga. Huku kwetu kanda zake zilizunguka mpaka zikachakaa. Kila mtu anaikumbuka ile ya Kunta Kinte kufungwa na kuchapwa mpaka akubali kuitwa Toby. Viboko vile si vingi ukilinganisha na Goodbye Uncle Tom. Mbona vinauma hivyo? Kwa sababu tumeshakaa naye Juffure, kule Gambia. Tumemwona anazaliwa, anapewa jina mbele ya ukoo wake, anapelekwa jandoni. Kwa hiyo tunajua hasa ni nini kinachochapwa kimtoke. Halafu sisi tukalichukua jina hilo hilo na kulifanya utani. Shuleni kwetu mtoto mweusi kuliko wenzake, au mwenye nguo zilizochanika, aliitwa Kunta Kinte, tukacheka. Watu milioni 100 walilia kwa sababu mtu kanyang'anywa jina, sisi tukaligeuza tusi.

Django niliitazama kwenye kibanda umiza kimoja cha uswahilini, ikiwa na DJ wa kutafsiri. Raha tupu! Jamie Foxx anapiga bastola, watu wanapiga meza. Ilipofika pale watumwa wawili wanapopiganishwa sebuleni mpaka kufa huku Leonardo DiCaprio akishangilia, DJ akaanza kuitangaza kama ndondi, "kona nyekundu, kona ya buluu", na mbele yangu vijana wawili wakawekeana dau. Ndiyo, nami nilitabasamu, DJ yule alikuwa fundi. Lakini fikiria. Wanahistoria hawajapata ushahidi wa mchezo kama huo wa kupiganisha watumwa hadi kufa. Sababu ni ya kikatili kuliko sinema yenyewe: kijana mwenye nguvu sokoni New Orleans miaka ya 1850 alikuwa na bei ya zaidi ya dola 1,000. Nani anachoma mali yake? Quentin Tarantino ametubunia unyama wa kuburudisha wakati unyama wa kweli ulikuwa na akili timamu, unapiga hesabu. Dakika chache baadaye mbwa walimrarua yule mtoro, d'Artagnan. Hapo DJ alinyamaza, na kibanda kizima kikanyamaza naye. Tarantino anajua kazi, simnyimi hilo.

Spike Lee alikataa hata kuiona, akasema ni kuwavunjia heshima mababu zake. Wengi walimcheka. Mwezi uliofuata, Januari 2013, wanasesere wa wahusika wa Django, watumwa wakiwemo, walikuwa wameshaingia sokoni. Wanasesere wa watumwa, wanauzwa! Yakapigwa makelele, uuzaji ukasimamishwa.

Sasa twende kwa Steve McQueen. 12 Years a Slave ni habari ya kweli ya Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa Washington mwaka 1841, akauzwa Louisiana na kukaa utumwani mpaka Januari 1853. Kuna pale anaponing'inizwa mtini, ncha za vidole vyake vya miguu zinatafuta ardhi kwenye matope. Kamera inasimama mbali na haiondoki. Nyuma yake watumwa wenzake wanatoka vibandani kwenda kwenye kazi zao. Watoto wanacheza. Mwanamke mmoja anakuja mbio kumnywesha maji kisha anakimbia. Hakuna muziki wa kukuambia ulie sasa. Huo ndio utumwa: mtu ananyongwa polepole na siku inaendelea, kwa sababu akimwokoa mwenzake atafuata yeye.

Na kuna mizani. Kila jioni pamba inapimwa, jina linaitwa, ratili zinatajwa, aliyepungukiwa anatolewa kwenda kuchapwa. Patsey anachuma ratili 500 kwa siku, anawapita wanaume wote, na bado anachapwa mpaka nyama inachanika, kisa kaenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ndiyo ilikuwa sinema yake kubwa ya kwanza, akapata Oscar Machi 2014. Sote tulijisikia tumeshinda. Ila nakumbuka wiki ile tulizungumzia gauni lake la buluu kuliko tulivyomzungumzia Patsey.

Mizani ile haikutungwa na McQueen. Mississippi, miaka ya 1840 na 1850, Thomas Affleck alikuwa anachapisha na kuuza madaftari ya hesabu za mashamba. Ndani yana safu zilizokwishapigwa mistari: jina la mtumwa, ratili alizochuma Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Ukurasa mwingine ni wa thamani ya kila mtumwa mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Unajaza tu. Na Januari 2005 benki ya JPMorgan Chase ilikiri na kuomba radhi kwamba benki mbili za Louisiana ilizozirithi zilipokea watumwa wapatao 13,000 kama dhamana ya mikopo, na zikaishia kumiliki 1,250 hivi pale wakopaji waliposhindwa kulipa. Sinema ya karani huyo wa benki sijaiona bado. Hana mjeledi, pengine hata kulewa halewi. Waongozaji wanampenda bwana mwendawazimu mwenye mate mdomoni, kwa sababu ukimwona unasema mimi si kama yule.

Hata picha yenyewe inaweza kugeuka mali tena. Emancipation ya Antoine Fuqua (2022), aliyoigiza Will Smith, inatokana na picha mashuhuri ya mwaka 1863 ya mtumwa aliyetoroka, mgongo umejaa makovu kama mizizi ya mti. Usiku wa uzinduzi mmoja wa watayarishaji alikuja kwenye zulia jekundu na nakala ya asili ya picha ile, ya kwake mwenyewe, akawaonyesha wapiga picha. Baada ya siku chache akaomba radhi.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakupa ambayo pengine hujaisikia: Sankofa ya Mwethiopia Haile Gerima, ya 1993. Wasambazaji wa Marekani waliikataa, akakodi majumba ya sinema mwenyewe, na watu weusi wakapanga foleni. Mwaka 2021 ikaingia Netflix. Inaanza na mwanamitindo Mmarekani mweusi anayepigwa picha kwenye ngome ya Cape Coast, Ghana, mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kupakiwa melini. Anashuka chini kwenye shimo kama mtalii. Giza. Kisha anawaona, wamefungwa minyororo, wako kimya, wanamtazama yeye.